Msiishushe Likizo Majini

Zima cherehani, mama, binti yangu, uje ukae. Nguo ya mteja itashonwa kesho, na mimi kesho sina hakika nayo. Na wewe, baba, mdogo wake, ambaye mama yenu alikuita Bwana Haraka kwa sababu ulizaliwa kabla mkunga hajavua koti, weka hiyo simu mfukoni, ukae hapo kwenye kasha la vitambaa, tena ukae kabisa, usikae kama mtu anayesubiri basi. Nina maneno ya kusema na pumzi ni chache, kwa hiyo nisikilizeni kwa mkupuo mmoja, mtaniuliza baadaye kama baadaye itakuwepo. Msitazamane hivyo. Daktari alinieleza mimi kabla hajawaeleza ninyi. Nilimwomba aseme polepole, kama nilivyokuwa nikisema na watoto wa darasa la kwanza, naye akasema polepole, nikaelewa.

Neno lenyewe nalisema mwanzo, maana nimefundisha miaka thelathini na minne, na najua ukichelewesha somo kengele hulia hujalifikia. Jumamosi mnataka kuishusha Likizo majini. Wewe, baba, unataka kumpandisha mkeo na mtoto wenu wa miezi minane, mvuke ghuba siku mbili mpaka kwa wakwe zako wakamwone mjukuu wao. Nasema msiishushe. Mashua ile ni mbovu. Ina taruma lililooza chini ya mlingoti, nami nilijua, nikaficha.

Hapana, acha. Usiseme, "Baba, umechoka." Nimechoka, ndiyo, lakini sijachanganyikiwa. Ngoja nieleze tangu mwanzo, ili asitokee mtu wa kusema mzee alikuwa anaweweseka.

Mnakumbuka mwaka niliostaafu, mimi na mama yenu tulipouza nyumba tukanunua mashua ya mbao yenye umri karibu sawa na wetu. Wewe, mama, ulikuja na hasira zako mpaka gatini, ukasimama na mkoba begani, ukasema, "Watu wazima na mvi zenu, mnakwenda kulala kwenye mtumbwi!" Mama yenu akakuuliza, "Mtumbwi gani una choo?" Watu wote wa gati wakacheka, na mimi nikacheka, wewe ukaondoka bila kuaga. Leo nakuambia ulikuwa na haki. Tuliuza chumba ulichozaliwa, wala hatukukuuliza. Ningelisema hili miaka kumi iliyopita ningekuwa nimepunguza mengi kati yetu, lakini sikusema, kwa hiyo lipokee sasa, limechelewa hivyo hivyo.

Tuliipa jina Likizo. Mama yenu aliliandika mwenyewe kwa brashi ileile aliyokuwa akiandikia mabango ya shule, na tangu rangi ile ikauke sikupata likizo tena. Mimi nilidhani kustaafu ni kukaa juu ya sitaha na kikombe cha chai nikitazama maji. Tulikunywa chai tumesimama. Ukipaka rangi upande huu, jua limeshaibabua ya upande ule. Ukikaza kamba, kamba nyingine imelegea. Ukisindilia pamba kwenye nyufa za mbao na kuziziba kwa puti, ufa mwingine unakutokea pembeni kama mtoto anayejificha nyuma ya mlango huku anakohoa. Kila asubuhi kabla ya kunawa uso nilitoa maji yaliyojikusanya ngamani, chini kabisa ya mashua, kwa pampu ya mkono, nikiyahesabu mapigo, na mapigo yakizidi arobaini ndiyo kazi ya siku hiyo. Kitanda chetu kilikuwa kifupi mpaka miguu yangu ikalala chini ya sinki. Tukikosana hapakuwa na chumba cha kwenda kununia, mama yenu alinunia kwenye ngazi, nami kila nikitaka kupita ilibidi niseme, "Samahani, mama mwenye hasira." Hatimaye anacheka. Tulikuwa na furaha, wanangu. Sitaki mdhani ilikuwa taabu tupu.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu ndipo penye jambo.

Mashua ya mbao ina mbao za nje zinazokutana na maji, na ndani ina mbao nyingine zilizopinda, zinazozishika zile za nje kama mbavu zinavyoshika kifua. Ndizo mataruma. Kila mwaka tulipoipandisha nchi kavu, kabla ya kufungua kopo lolote la rangi, tuliigonga. Mimi nilikuwa nje na nyundo ndogo, mama yenu ndani, ameweka sikio kwenye taruma. Ubao mzima ukigongwa unajibu kwa sauti kavu. Uliooza unameza pigo na kunyamaza. Nagonga, nauliza, "Vipi hapo?" Naye ananijibu kutoka ndani, "Wapo, wamesema karibu." Siku moja tu alisema, "Hapa wamehama," na kweli, tulipofungua tukakuta uozo wa kutosha kujaza sufuria. Kazi ile ni ya watu wawili. Aliye nje anausikia ubao wa nje peke yake. Taruma linasikika na aliye ndani.

Mama yenu alipotutoka, wewe, mama, uliniandalia chumba hiki hiki, ukaweka shuka mpya, nikakataa. Nikakuambia mashua haiachwi peke yake. Ulilia, ukadhani naipenda mashua kuliko wewe. Ukweli ni kwamba niliona haya kuwa mgeni kwa mwanangu, na kule kikombe chake kilikuwa bado kinaning'inia kwenye kulabu. Nikarudi. Mwaka haukuisha nikawa siipendi. Nilikuwa naamka nasikia maji yanachezacheza chini ya sakafu, nanyanyuka, napiga pampu, na huku napiga najiuliza kwa nini yasije yote kwa pamoja tupumzike. Sikumwambia mtu. Mkija kunitembelea mlinikuta na msasa mkononi, mkasema mzee bado ana nguvu.

Mwaka huo niliigonga peke yangu. Niligonga nje, nikapanda ngazi mbio, nikashuka ndani, nikaweka sikio. Mnaelewa ujinga wangu? Sauti haimsubiri mtu apande ngazi. Mara ya nne magoti yakakataa. Nikakaa juu ya kopo la rangi, nikachukua daftari la mashua, nikaandika, "Imegongwa. Nzima." Mwaka uliofuata nikaandika hivyo hivyo bila hata kuitoa nyundo, na uliofuata pia. Daftari hilo ndilo uliloniletea juzi, baba, ukanionyesha kwa furaha, "Baba, tazama, kila mwaka nzima!" Mistari ile mitatu ya mwisho ni uongo, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu.

Nipe maji kidogo. Kidogo tu. Basi.

Kuna fundi seremala wa karakana, yule mnayemwita Mzee Randa. Ninyi wote mnajua kwamba alinitukana, na wewe, baba, umeacha kumsalimia kwa ajili yangu. Hakunitukana. Alikuja kunywa chai, akakanyaga karibu na mlingoti, akasita. Akafunua ubao wa sakafu, akaingiza dole gumba. Akasema, "Mwalimu, taruma lako limekuwa mkate." Nikasema, "Mkate gani?" Akasema, "Wa jana, tena umechovywa chai." Akacheka, kwa sababu hajawahi kuona tatizo la mbao likamnyima usingizi. Akanieleza: tushushe mlingoti, tubandue mbao tatu, tuchonge taruma jipya, miezi miwili. "Nitakusaidia, Mwalimu, utanilipa kwa chai hii hii, ila uongeze sukari." Nami nilipoisikia hiyo miezi miwili niliona kama amenitwika gunia juu ya gunia. Nikapanda sitahani nikasema kwa sauti, mafundi wote wakisikia, "Wewe ukikosa kazi unatoboa mashua za watu." Alikuwa bado ana uozo mweusi kwenye kucha. Akajifuta kwenye suruali, akavaa kofia, akasema, "Haya, Mwalimu." Hajakanyaga pale tena.

Wiki hiyo hiyo nilikoroga puti, nikalijaza lile taruma, nikalisugua kwa msasa mwembamba, nikapaka rangi ya kijivu iliyofanana na ya jirani zake. Wanangu, katika kazi zote nilizofanya kwenye mashua ile, hiyo ndiyo iliyotoka vizuri kuliko zote. Hata ukiweka taa huoni kitu. Na mimi ndiye niliyekuwa nawakalisha watoto darasani wakati wenzao wanacheza, kwa sababu wamefuta kosa daftarini badala ya kulipigia mstari na kuandika upya.

Baada ya hapo sikutweka tanga tena. Niliwaambia ni miguu. Niliifunga gatini nikawa mtu anayeiogopa mashua yake na bado analala ndani yake, mpaka ugonjwa uliponitoa, na nilipotolewa, Mungu anisamehe, nilishukuru.

Kisha wewe, baba, ukachukua ruhusa kazini. Ukaipandisha nchi kavu, ukakwangua, ukapaka. Kila jioni unakuja hapa na rangi kwenye nywele, unakaa ukingoni mwa kitanda hiki, unanihadithia brashi na kopo, nami nakujibu, "Vizuri, baba." Jioni nne nimesema vizuri. Unataka kujua kwa nini? Nilitaka nife nikiwa fundi machoni pako. Ndiyo sababu, na hakuna nyingine nzuri zaidi ya hiyo. Nilijipa moyo kwamba puti itashika, kwamba upepo utakuwa mdogo, kwamba mtaahirisha.

Leo asubuhi mkwe wangu ameingia hapa na mtoto, amemvisha lile jaketi la kuokolea maisha ulilompunguzia, mama, kwa cherehani yako. Linamfika magotini, mabega yamemeza mashavu. Mkwe wangu akasema, "Babu, mtazame nahodha!" Mtoto akanicheka kwa ufizi wake mmoja wenye jino. Nikageuka ukutani nikasingizia kikohozi. Ndipo nilipowaita.

Basi haya ndiyo maagizo, na msinifanye niyarudie.

Mashua ibaki juu ya magogo pale pale ilipo. Nendeni kwa Mzee Randa, ninyi wawili, mumwambie Mwalimu amekiri mbele yenu kwamba alimsingizia, na mliseme hilo mafundi wake wakiwepo, maana nami nilimsema wakiwepo. Kibano kikubwa cha chuma kilicho kwenye sanduku langu ni chake, nilikipaka rangi yangu kikafanana na vyangu, mrudishieni. Patasi, misumeno na randa ya kulainishia mbao ni vya kwako, baba. Sindano za matanga na kastabani ya mama yenu ni vyako, mama, na kile kikombe pia. Daftari la mashua msilichane. Ile mistari mitatu ipigieni mstari, na pembeni mwandike "si kweli," mwache isomeke.

Fundi afungue chini ya mlingoti. Atachoma kwa bisibisi, naye atajua. Kama ni taruma moja, na wewe, baba, unaitaka mashua hiyo kwa moyo wako, itengeneze. Lakini uitake wewe. Usiitake kwa sababu ilikuwa ya baba. Kama uozo umeshahamia kwa majirani, ivunjeni. Ng'oeni misumari ya shaba, mbao zilizo nzima apewe fundi, mengine yachomwe moto, na asilie mtu. Mimi siwaachii kazi. Mtu asije akaniambia kaburini anapiga msasa kwa heshima yangu. Hata mama yenu atacheka.

Na wewe, mama, najua una neno "nilisema" kwenye ncha ya ulimi. Lisemee chumbani mwako mara moja, kwa sauti, ni haki yako. Kisha mdogo wako usimsimange nalo. Mzikeni baba yenu ubavuni mwa mama yenu, hotuba ziwe fupi. Nimewasikiliza walimu wakuu vya kutosha.

Sogeeni. Siwaoni vizuri. Mama, nipe mkono. Mungu awape usingizi... awape watu wa kuwaambia kweli mapema, si kama mimi. Awape nyumba zisizovuja. Mkosane, mpatane siku hiyo hiyo. Wajukuu zangu... wakue mpaka wawachoshe.

Baba. Umesimama dirishani, umenipa mgongo. Sikukatazi. Nikasirikie, mwanangu, nikasirikie mwaka mzima ukitaka... lakini nikasirikie ukiwa nchi kavu, mkeo yuko kando yako, na mtoto... mtoto yuko mikononi mwako. Hivyo nitakuwa nimekuachia kitu.

Nendeni sasa. Fundi hufunga saa kumi. Wote wawili... wote... mimi nitalala kidogo.