Mwalimu Leonia Thobias na Maombi ya Darasa la Tatu

Maisha ya mwanangu ninayasoma mimi mama yake mzazi, Honorata. Ilipasa kaka yake, Gervasi, asome, lakini marehemu aliniachia neno la kusema, nami nitalifikia.

Leonia alizaliwa tarehe 14 Machi 1993 hapa Rusimbi, mtoto wa pili wa marehemu mzee Thobias na mimi. Shule ya msingi alisoma hapahapa, kidato cha nne akamalizia Kasingirima mwaka 2011. Alikuwa kidato cha pili madaktari walipogundua kuwa moyo wake ni mgonjwa. Tangu hapo nilimlinda kama yai. Alichoka kulindwa, akaenda chuo cha ualimu Kasulu.

Januari 2015 aliajiriwa katika shule ya msingi ya kanisa, Kibirizi, kufundisha somo la dini. Watoto wengi pale ni wa wavuvi. Aliwafundisha kuwaombea wagonjwa, akawaambia Mungu husikia sauti za watoto.

Mwaka 2018 alifunga ndoa na Selestini Yona, mfanyabiashara wa dagaa. Walijaliwa Catherine. Madaktari walimkataza kuzaa tena, akatii.

Machi mwaka huu miguu ilianza kuvimba na pumzi ikawa inakata. Darasa la Tatu likawa linamwombea kila kipindi cha dini. Mwezi Juni alirudi kazini kutoka hospitali, watoto wakamtazama miguu.

"Mwalimu, mbona bado? Si tuliomba?"

"Ni huyu hapa," mmoja akamshtaki mwenzake. "Aliomba macho kodo. Ndiyo maana huponi."

"Na wewe ulimwonaje?" Leonia akamuuliza.

Darasa lilicheka. Aliponisimulia nyumbani hakucheka, kwa sababu mtoto yule alikuwa ameshapigwa na wenzake uwanjani. Wiki nzima aliwaeleza kwamba maombi si wavu, ambao mmoja akiuachia samaki wote hutoroka. Wakaitikia, "Ndiyo, mwalimu," kama watoto wanavyoitikia.

"Mama," aliniambia, "nikifa watamrudia yule mtoto. Usikubali."

Nilimwambia asijitabirie. Hakunyamaza.

Septemba alilazwa hapa Kigoma. Alifariki Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, nikiwa nimemwegemeza kifuani ili apumue.

Ameacha mume, binti mmoja wa miaka sita, kaka, na mimi.

Sasa neno alilonituma. Darasa la Tatu, mmekaa hapo mbele na sare zenu, nisikilizeni. Hamkukosea. Mliomba vizuri nyote, aliyefumba macho na aliyefumbua. Mimi nimemwombea tangu ugonjwa ulipojulikana, tena nimefumba macho, na leo tunamzika. Kwa nini, sijui. Mwalimu wenu naye aliniambia hajui. Mkitoka hapa asiguswe mtoto yeyote, wala asisemwe. Wazazi, nanyi mliangalie hilo.

Mungu amlaze mwalimu wenu mahali pa amani.