Sajini Aliyeuliza "Kwa Kosa Gani?"

Ndugu, majirani, na nyinyi askari mliokuja leo mmevaa kiraia ili msionekane, karibuni. Tumewaona, na tunawashukuru. Marehemu Sajini, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Kosa Gani, alizaliwa tarehe 3 Machi 1961, nyumba ya uani nyuma ya kiwanda cha mbao, mtoto wa pili wa mpasua mbao. Tuliambiwa tusiandike neno "Sajini" kwenye karatasi hii. Tumeliandika, na tukifika huko mtaelewa sababu.

Alisoma shule ya mtaani kwao, akamaliza sekondari mwaka 1979. Alikuwa darasa la sita baba yake alipokamatwa langoni mwa kiwanda. Mzee alirudi amekonda, ana kiatu kimoja mguuni. Binti akamuuliza, "Baba, walikukamata kwa kosa gani?"

"Hawakuniambia, mwanangu."

Na mpaka anaingia kaburini hakuambiwa. Swali lile lilimkaa binti yake kooni kama mwiba wa samaki.

Kwa hiyo alipojiunga na polisi mwaka 1981, ukoo mzima ulishika vichwa. Shangazi yake hakumung'unya maneno: "We mtoto, waliomtesa baba yako ndio unakwenda kuwapigia saluti?"

"Shangazi, mlango wa mahabusu lazima uwe na mtu wa kuushika. Acha niwe mimi."

Chuoni walifundishwa kwamba anayekamatwa aambiwe kosa lake, kwa lugha anayoielewa, tena afikishwe mahakamani ndani ya muda uliowekwa na sheria. Wenzake waliikariri kanuni hiyo kwa ajili ya mtihani. Yeye aliichukua kama kiapo. Alipopewa kaunta ya kituo, askari aliyeleta mtu alikutana na swali kabla ya salamu: "Kwa kosa gani?"

"Huyu ana maneno mengi, afande."

"Maneno mengi si kosa. Lingekuwa kosa, wewe ungekuwa ndani tangu juzi."

Mwaka 1986 alifunga ndoa na fundi cherehani aliyekuwa akishona sare za kituo. Fundi hupenda kusema kwamba alikamatwa bila hati na wala hakuomba dhamana. Walijaliwa watoto watatu, na nyumbani hakuna aliyechapwa kabla ya kusomewa shitaka lake. Wakati mwingine watoto walijitetea mpaka mama mtu akacheka, kesi ikafutwa. Mumewe ndiye aliyemshonea begani tepe tatu za usajini, na alizishona kwa mkono, akisema cherehani haina heshima ya kutosha.

Mwaka 2002 mkuu wa kituo aliagiza mtuhumiwa wa wizi wa nyaya akamatwe. (Tungesema "mwizi", marehemu angetukemea kutoka humo alimolala.) Askari hawakumkuta, wakamleta mkewe, ana mtoto mgongoni.

"Mweke ndani mpaka mumewe ajitokeze," mkuu akaamuru.

"Kwa kosa gani, afande?"

"Si ni mke wake!"

"Kuolewa si kosa, afande. Hata mimi nimeolewa."

Kituo kizima kiliangua kicheko, na kicheko hicho ndicho ambacho hakikusamehewa. Sajini alitia funguo za mahabusu mfukoni, akamsindikiza yule mama mpaka barabarani. Alishtakiwa kwa utovu wa nidhamu, akavuliwa tepe, akapelekwa stoo ya mablanketi hadi alipostaafu. Fundi alikataa kuzifumua tepe zile. Marehemu alizifumua mwenyewe kwenye meza ya chakula, huku analia. Asije mtu akawaambia kwamba hakuumia; aliumia sana. Lakini walipomtaka aombe radhi ili arudishiwe cheo, alikataa katakata.

Maradhi ya moyo yalimwanza mwaka 2019. Muuguzi alipomwambia kwamba atalazwa, akauliza, "Kwa kosa gani, mwanangu?" Wodi nzima ikavunjika mbavu. Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Jana alikuja mjumbe wa polisi kutukumbusha kwamba marehemu hakuwa sajini tena, kwa hiyo cheo kisionekane kwenye kibao cha kaburi. Fundi alimsikiliza, akamkaribisha chai. Kisha akatoa zile tepe kwenye kopo la vifungo, akazishona kwenye shati alilovaa mkewe humo ndani ya jeneza. Alizishona kwa mkono, kama mara ya kwanza. Na kibao mtakiona wenyewe.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu, dada yake, na yule mama aliyefunguliwa mlango, ambaye amekaa hapa mbele pamoja na wafiwa kwa sababu ni mfiwa. Mtoto aliyekuwa mgongoni ni miongoni mwa waliobeba jeneza.

Apumzike kwa amani Sajini wetu. Atakayekuja kufuta neno hilo kwenye kibao, asimwamshe. Swali tutamuuliza sisi.