Fungu la Mgeni na Bata wa Jirani

Hamjambo kina mama. Nimeambiwa nisimame kwa sababu ya nguo hii. Kila anayeiona anauliza nimeishonesha wapi. Nimeishona mwenyewe, kwa cherehani niliyoipata kwenye chama hiki, na ilibaki kidogo niikose.

Nilipoolewa hapa Magogoni nilikuja na desturi ya kwetu Kaloleni: sima husongwa na fungu la mgeni. Mtu asije akafika jioni ukamwambia chakula kimekwisha. Hiyo ni aibu ya ukoo mzima. Basi tuko watano, mimi nasonga ya watu wanane, na samaki vivyo hivyo. Lakini ndugu zangu, siku hizi mgeni hupiga simu kwanza! Anayefika bila taarifa ni mwenye nyumba tu, naye hakai kula.

Asubuhi sima imekauka, mchuzi wa nazi umechacha. Natia vyote kwenye ndoo, nampelekea jirani yangu mmoja anayefuga bata. Simtaji jina. Wala msigeuke kumtazama.

Huku nyuma mchango wa chama ukanishinda. Mara ya kwanza niliomba radhi, ya pili nikajificha. Mwenyekiti akanipigia: "Mama, zamu yako ya kupewa imefika. Ukikosa tena, anapewa mwingine." Na cherehani nilishaiona dukani, nilishazungusha gurudumu lake kwa mkono wangu.

Nikaenda kwa jirani kukopa, na ndoo yangu mkononi kama kawaida. Bata wakaja mbio, wanayumba kwa unene. Jirani akacheka mpaka akakaa chini.

"Wataka nikukopeshe, shoga? Bata wangu washakula cherehani yako!"

"Usinitanie, dada."

"Wallahi sikutanii. Mchango wangu watoka kwenye mayai, na mayai yatoka kwenye ndoo yako. Wewe wachangia kila mwezi, ila kwa jina langu."

Nilitaka kununa, kicheko kikanishinda. "Na mgeni akija nimpe nini?"

"Kwani sima yachukua muda gani kuiva? Mwekee unga, mwanamke! Usimwekee sima."

Jioni ile nikasonga ya watu watano. Fungu la mgeni nikalitia kavu kwenye kopo la maziwa, na samaki wake sikumnunua. Kopo likajaa, mgeni hakutokea, nikala ule unga mimi na wanangu badala ya kwenda dukani. Nikaendelea hivyo, na mchango ukapatikana.

Kisha, siku moja magharibi, hodi! Mama mkwe, na watu wawili nyuma yake. Nikabandika maji, nikafungua kopo, nikakaanga mchicha. Alipoletewa sima yafuka moshi, akanitazama.

"Mwanangu, leo ndiyo mara ya kwanza nakula ya moto kwako. Miaka yote wanipa iliyopoa, nami nanyamaza kwa heshima."

Mwenyekiti, asante kwa kunivumilia. Jirani, asante, ingawa waninunia kwa kuwa bata wako wamekonda. Kina mama, mgeni tumheshimu, ila fungu lake limsubiri likiwa bado unga mkavu. Sima ya leo nimeisonga kwa hesabu yenu nyote. Akitokea mgeni msihangaike: kopo nimekuja nalo.