Amina ya Kwanza Nyumbani kwa Mwalimu Shuaibu

Mgeni rasmi, assalamu alaykum.

Jirani yetu Bi Mulki alituuliza siku moja, tumeinama na mafagio: "Nyumba haina mchu, mwamfagilia nani?" Mchu kwake ni mtu. Tulicheka. Leo umekuja kuamua nyumba hii ni ya nani, na hatucheki. Karibu. Kahawa utakayokunywa imepikwa humu humu.

HISTORIA
Aliijenga Mwalimu Shuaibu wa kisiwa cha Chovai. Asubuhi akisomesha skuli ya serikali. Jioni watoto wetu wakisoma Kurani chumba hiki cha mbele. Vita vilipokaribia, kabla hajakimbilia Mombasa alikofia, aliwakusanya wanaume hapa baada ya sala ya Ijumaa akatamka: nyumba ni wakfu wa wasomao, haiuzwi, hairithiwi. Haikuandikwa. Kwetu neno mbele ya mashahidi lilitosha. Wanaume wakaitikia amina. Sisi tulikuwa nyuma ya pazia, tukikata halua.

MAFANIKIO
Dari ilipotoboka tuliiziba kwa mabati. Kila Shaabani tunapaka chokaa. Mabinti wanasoma hapa, nasi wajane tunakaa nyuma yao tukijifunza, na wakitucheka tunawanyima maandazi.

CHANGAMOTO
Ndugu Mukhtari, aliyeketi kulia kwako, anasema aliuziwa nyumba na mwana wa Mwalimu. Ataibomoa ajenge ghala. Ametuambia tuwe tumetoka kabla ya Ramadhani. Tulipotaja wakfu alisema, "Shahidi yuko wapi?" Wanaume wale wamekufa, wengine vita vimewatawanya. Akaongeza: "Na nyinyi, mama zangu, pazia halitoi ushahidi."

Hatumtukani. Ni mwana wetu. Alihitimu Kurani juu ya mkeka huu ulioukanyaga.

MAOMBI
Hatuombi saruji wala mabati. Tunaomba umuulize swali moja hapa hapa, na jibu lake tutalikubali, hata likitutoa nje. Siku ile, aliyekaa ubavuni mwa Mwalimu, aliyeitikia amina ya kwanza hata sauti yake ikatufikia nyuma ya pazia, alikuwa nani? Sisi jina hatulitaji. Ni marehemu, na mwanawe yupo kati yetu.

Mola akuonyeshe haki, akupe na moyo wa kuifuata.

Ni sisi, Kina Mama wa Nyumba ya Wakfu, Kismayo.
Msomaji: Mwanalima, mjane wa Sabir.

Neno limeongezwa baada ya risala kusomwa: Mgeni rasmi alimgeukia Mukhtari, akamuuliza. Mukhtari aliutazama mkeka. Kisha akainuka, akavaa viatu vyake mlangoni, akatoka bila kulitaja jina la baba yake.