Bima ya Chiriku

Basi la kwenda Setif lilipanda kilima polepole kwa ajili ya theluji, na Lakhdar, wakala wa bima, alikuwa hajanyamaza tangu stendi. Alikuwa akimweleza Hajjat Messauda, jirani yake wa kiti, kwamba bima ya moto peke yake haitoshi. Achukue na ya mlipuko wa gesi.

"Na chiriku wangu?" Hajjat akauliza. "Mnamlipia?"

"Ndege hatuna, Hajjat."

"Basi hiyo karatasi ya nini? Wawili wamenifia baridi hii. Yule muuzaji wa ndege ananipa wagonjwa tu."

Lakhdar alicheka, kisha akaacha. "Kizimba unakiweka wapi?"

"Juu ya hita ya gesi, apate joto."

"Na tundu la hewa ukutani?"

"Nimeliziba na joho la mzee wangu. Baridi ilikuwa inapita pale kama mwenye nyumba."

Wakala akaisahau bima. "Nyumbani yuko nani?"

"Mzee. Kalala, kichwa kinamuuma tangu jana."

"Mpigie sasa hivi. Azime hita, afungue madirisha, atoke nje. Tundu likizibwa, hita hujaza chumba sumu isiyo na harufu; ndiyo iliyoua ndege wako."

Hajjat alimtazama kama mtu aliyerukwa na akili, lakini akapiga. Simu iliita kwa muda mrefu. Mwishowe sauti ya usingizi ikajibu, ikinung'unika kwamba theluji itaingia mpaka kwenye zulia.

Basi likasimama kwenye kituo chake. Hajjat hakuinuka.

"Iache iingie," alisema kwenye simu. "Wewe toka."