Baba CD na Sauti Aliyoisubiri

Marehemu baba yetu, mliyemzoea kwa jina la Baba CD, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa seremala. Alisoma hadi darasa la nane. Huko huko shuleni alifungua redio mbovu ya mwalimu mkuu, akaitengeneza hadi ikaongea, ila akabakiwa na skrubu tatu mkononi.

Alianza ufundi redio mwaka 1970, na mwaka 2000 akafungua kibanda cha kuchoma CD nyuma ya stendi. Kila CD aliibandika kwa gundi karatasi yenye picha, akaipangusa kwa shati lake mwenyewe. Vijana walipoanza kumwambia, "Mzee, turushie kwenye simu tu," aliwajibu, "Simu ikizima utaimba wewe?" Walicheka wakaenda, na wengi hawakurudi. Mwaka 2017 alikifunga kibanda.

Mwaka 1978 alimwoa mama yetu, mshonaji aliyeimba huku akikanyaga cherehani. Mwaka 2004 alimrekodi nyimbo sita kibandani, godoro likiegemezwa mlangoni kuzuia kelele za mabasi. Zikatoka nakala arobaini. Mama alitutoka mwaka 2011, baadaye kompyuta iliyohifadhi nyimbo hizo nayo ikafa, na nyumbani ikabaki CD moja tu.

Figo zilianza kumsumbua baba Januari mwaka huu. Hakutaka kingine ila kusikia sauti ya mkewe. Mashine za kusomea CD siku hizi ni za kutafuta kwa tochi. Kitindamimba wake, anayewasomea haya, alihangaika wee hadi akaipata moja kwenye gari bovu la jirani. Karatasi ya CD ilikuwa imejikunja, akaogopa itakwama ndani. Akaibandua. Ngozi yote ya rangi ya fedha ikatoka nayo, na nyimbo zilikuwa kwenye ngozi hiyo. Alikaa chini akalia. Kwa wiki tatu baba aliuliza kila asubuhi, "Bado hujapata mashine?" Naye, kwa woga, akajibu, "Bado, baba." Baba alifariki Jumanne, tarehe 14 Aprili, bila kuambiwa.

Ameacha watoto wanne, wajukuu tisa na dada yake mmoja. Miongoni mwenu wamo walionunua zile nakala. Tunawasihi, mwenye nayo, hata kama imesahauliwa chini ya kabati, asiibandue karatasi wala asiioshe. Ailete kama ilivyo, mashine ipo.

Baba alale salama kando ya mkewe, na amsamehe mwanawe aliyemwambia "bado."