Bwana Behewa na Mzigo wa Kurudi

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Behewa, alizaliwa tarehe 9 Juni 1952. Alikuwa kifungua mimba wa mama yetu. Mimi ninayewasomea ni mdogo wake, wa pili kuzaliwa na wa pili katika kila kitu.

Alisoma hadi kidato cha nne, akiongoza darasa, kama kawaida yake. Siku moja mama alitutuma mashineni kusaga mahindi. Mimi nilirudi na unga wetu kichwani. Yeye aliazima toroli, akarudi na unga wa majirani, kwa malipo. Mama alimsifu mpaka mboga ikaungua, kisha akanigeukia: "Na wewe jifunze kwa kaka yako!"

Mwaka 1974 aliajiriwa reli, kupanga mabehewa ya makaa ya mawe kutoka mgodini hadi kiwanda cha saruji. Alipenda kusema, "Pale mgodini makaa ni bei ya kutupa. Kinachoyapandisha ni njia." Mimi nilisafirisha makaa hayohayo kwa lori. Lilirudi tupu, na kiwanda kililipia kwenda na kurudi. Kaka akatafuta chumvi na mbolea za kupeleka kule mgodini, mabehewa yakawa yanarudi yamejaa, nauli ya makaa ikashuka. Kiwanda kikaniaga. Yeye akatolewa picha gazetini. Niliona wivu, na sijapoa hadi leo.

Mwaka 1979 alimwoa shemeji yangu, mkata tiketi wa stesheni. Aliyemwona kwanza ni mimi. Kosa langu nilikwenda kusimulia nyumbani, na kesho yake kaka akapata safari ya ghafla. Walijaliwa mabinti wawili.

Februari mwaka huu alipatwa na kiharusi. Hata wodini wauguzi walimgombania. Nilipokwenda kumwona alinishika mkono.

"Bwana mdogo, siku hiyo unibebe wewe, kwa lori lako. Reli wasinipate."

"Na mzigo wa kurudi?"

Alicheka kwa upande mmoja wa uso. "Hapo sina jibu."

Alifariki tarehe 3 Mei, alfajiri. Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano na mdogo wake mmoja.

Kaka, leo reli wamekukosa, nimekuleta mimi. Ila lori litarudi tupu, na safari hii nalipia mwenyewe kwenda na kurudi. Pumzika kwa amani.